Roland Juno-106 ya mtumba Dar es Salaam: ubora wake, maradhi yake na namna ya kuisawazisha

Kampuni ya Roland ya Japani waliitoa Juno-106, kinanda cha umeme cha sinthesaiza, mwaka 1984, na mpaka leo watu wa studio, bendi na kwaya bado wanaitafuta kwa ajili ya besi nene na sauti laini za nyuzi ambazo kompyuta huziiga kwa taabu. Ina vibao 61, njia sita za sauti (yaani noti sita kwa wakati mmoja), kumbukumbu 128, MIDI ya kuunganishia vinanda na kompyuta, na korasi mbili za kunenepesha sauti. Hukumu yetu tunaitanguliza: ni kinanda cha kununua hata kikiwa nusu mfu, mradi bei imehesabu chipu sita, moja kwa kila njia, na kazi ya kusawazisha, yaani kuzirekebisha njia zote zilie sawa. Kikiuzwa kwa bei ya kizima ilhali ndani hakijaguswa tangu kitoke kiwandani, kiache. Na kikibadilishwa chipu kikarudishwa bila kusawazishwa, hakijatengenezwa. Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu njia zote sita zinalia, mteja anafurahi, anafika ukumbini anagundua kwamba hakuna noti mbili zinazofanana.

Tuseme mapema kisichokuwamo. Vibao vyake havitambui nguvu ya kidole: ugonge au uguse, sauti ni ileile. Hakuna arpejio, yaani kupiga noti za kodi moja moja kwa zamu, kama ya Juno-60. Huwezi kuzishusha noti fulani robo toni ukazihifadhi hivyo, kwa hiyo mpigaji wa taarab aliyezoea kinanda cha kisasa chenye mizani ya Kiarabu atabaki na kirungu cha kupindia noti kwa mkono. Anayetaka piano aende kwingine kabisa. Lakini kwa zulia la nyuzi nyuma ya waimbaji, kwa besi ya dansi, kwa zile sauti za shaba za miaka ya 1980, na kwa mtu anayetaka kuvuta slaida moja akasikia mara moja kilichobadilika, hatujui kifaa rahisi zaidi kujifunzia wala kinachoshiba zaidi kwenye spika.

Ukikiona, kabla hujauliza bei, kigeuze usome kibandiko cha umeme. Vipo vya volti 100 vya soko la Japani, vya 117 vya Marekani, na vya 220 au 240. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Cha volti 100 kikichomekwa ukutani moja kwa moja, bahati yako ni fyuzi kukatika mapema. Bahati mbaya ni transfoma kuungua, na transfoma yake haipatikani kaunta yoyote ya Kariakoo. Muuzaji atakwambia "weka transfoma ya kushusha umeme tu." Sawa, lakini nyingi zinazouzwa mjini zinashusha hadi 110. Soketi ikiwa na volti 245, jambo la kawaida usiku mtaa ukiwa umelala, transfoma hiyo inatoa kama 117. Kinanda cha volti 100 kitaupokea, kisha regyuleta, yaani chipu zinazotuliza volti, zitaigeuza ziada yote kuwa joto, ndani ya sanduku ambalo tayari lina joto la Dar. Kwa cha Japani tafuta transfoma inayotoa 100 kamili, yenye uwezo wa VA 100 hivi, na mbele yake weka stabilaiza. Cha volti 220 au 240 nacho kinahitaji stabilaiza, kwa sababu umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Zoea kuzima swichi ya kinanda umeme unapokatika, uwashe tena baada ya dakika chache.

Ukaguzi dukani au nyumbani kwa muuzaji unachukua muda mfupi na unaokoa mengi. Beba hedifoni zako. Zima kinanda, shikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE, kisha washa huku umekishikilia. Hapo umeingia kwenye hali ya majaribio. Chagua POLY 1, bonyeza kibao kimoja mara kwa mara: kioo kitaonyesha namba ya njia inayolia, 1 hadi 6, halafu inarudi 1. Andika kwenye karatasi kila njia inafanya nini. Inalia au iko kimya? Inakoma unapoachia kibao, au inaendelea kunong'ona? Inapasuka kama redio isiyokamata stesheni? Inang'aa kuliko wenzake, kama kichujio, yaani sehemu inayokata mng'ao wa sauti, kimefunguka chenyewe? Kisha acha kinanda kikiwa kimewaka bila kukigusa kwa dakika ishirini, urudie. Njia nyingi zinazoumwa hulia vizuri zikiwa baridi na kuharibika zikipata moto. Zipo pia zinazofanya kinyume chake. Muuzaji anayekataa kukiacha kiwake dakika ishirini ameshakujibu.

Usisahau kubonyeza POLY 1 na POLY 2 kwa pamoja ukiwa kwenye hali ya kawaida. Hapo njia zote sita zinalia kwa noti moja, yaani unisoni. Kama kimesawazishwa, utasikia ukuta mmoja wa sauti. Kama hakijasawazishwa, utasikia vurugu, na hiyo ndiyo hoja yako ya bei.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kila njia ya Juno-106 ina chipu iitwayo 80017A, inayobeba kichujio na VCA, yaani sehemu inayofungua na kufunga sauti. Umbo lake ni kibao kidogo cha saketi kilichochovywa kwenye gundi nyeusi. Gundi hiyo, baada ya miaka, huanza kupitisha umeme kidogo kati ya miguu na vipande vilivyomo ndani. Mikondo ya kudhibiti kichujio ni midogo mno, kwa hiyo uvujaji usiopimika kwa testa ya kawaida unatosha kukiacha kichujio wazi, kuifanya njia ipasuke, au kuinyamazisha kabisa. Chipu zenyewe ndani mara nyingi ni nzima. Kinachoua ni koti. Unyevu unauzidisha uvujaji, na mji huu una unyevu mwaka mzima, ukizidi wakati wa masika. Kwa hiyo mtu akikwambia "njia moja tu ndiyo mbovu," msikilize kwa adabu, lakini piga hesabu ya sita. Zote zilichovywa gundi ileile, na ya pili huifuata ya kwanza.

Kabla ya kulaumu chipu, thibitisha. Ng'oa chipu ya njia mbovu na ya njia nzima, zibadilishane. Tatizo likihama pamoja na chipu, mgonjwa ni chipu. Tatizo likibaki palepale, tafuta kwingine: kwenye multipleksa inayogawa volti za kudhibiti, kwenye kapasita ndogo zinazoishikilia volti hiyo, au kwenye MC5534A. Hizi za mwisho ziko tatu, na kila moja huzitengenezea njia mbili mawimbi yake. Ndiyo maana njia mbili jirani zikinyamaza kwa pamoja, au zikapoteza wimbi la msumeno zikabaki na la mraba tu, huna haja ya kugusa 80017A. Angalia MC5534A inayozihudumia. Fundi asiyelijua hili atabadilisha chipu mbili za bei ghali na kinanda kitabaki vilevile.

Dawa ziko mbili, na tumeshazisikiliza zote mbili.

Ya kwanza ni kuvua gundi. Chipu inang'olewa, inazamishwa kwenye asetoni halisi ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, inakaa saa 24 hadi 72. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai isipokuwa kama ni asetoni tupu, maana nyingi zina mafuta na manukato yanayoacha utando mpya palepale unapotaka pawe safi. Chupa ya plastiki usiitumie, asetoni huila. Gundi ikilainika hubanduka kwa brashi laini na kijiti cha meno. Usivute kwa koleo. Vipande vilivyomo ndani vimelehemiwa juujuu na vinatoka na gundi kirahisi, na kipande kidogo kama punje ya ulezi kikianguka kwenye sakafu ya saruji hukioni tena. Gundi iliyojificha chini ya vipande lazima itoke yote; kazi nyingi za namna hii hurudi baada ya muda kwa sababu fundi alisafisha upande anaouona. Mwisho suuza kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke siku nzima, kisha pitia kila mguu kwa pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, maana baadhi ya viungo hulegea. Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi, na mbali kabisa na jiko la mkaa au gesi. Mvuke wa asetoni unashika moto upesi kuliko watu wanavyodhani.

Ya pili ni kununua chipu mpya zilizotengenezwa kuchukua nafasi ya 80017A. Zinazojulikana zaidi ni AR80017A za Analogue Renaissance. Zinaingia palepale na hazina koti la gundi. Kwa sikio, zikisawazishwa vizuri, hatuwezi kuzitofautisha na za asili zilizovuliwa gundi. Tofauti iko kwenye uhakika na gharama. Chipu iliyovuliwa gundi huenda ikapona na huenda isipone, na ikipona mara nyingi inadumu. Chipu mpya inafanya kazi siku ya kwanza, lakini unalipia usafirishaji na ushuru, na unasubiri. Ushauri wetu kwa Dar ni huu: vua gundi zote sita kwa mkupuo mmoja, huku umeagiza mpya mbili za akiba. Sita mpya kwa pamoja ni kwa kinanda cha kazi ya kila wiki ambacho hakiruhusiwi kufa jukwaani. Zile zinazouzwa kama "80017A za mtumba zilizojaribiwa" zikiwa na koti lake la zamani usinunue kwa bei yoyote. Unanunua ugonjwa uleule.

Kung'oa chipu ndiko kunakoharibu vinanda vingi kuliko ugonjwa wenyewe. Shaba ya bodi hii inabanduka upesi ikipata joto la muda mrefu. Pasi iwe na kidhibiti cha joto, kama nyuzi 350, na ncha bapa. Ongeza risasi mpya kidogo kwenye kila mguu kwanza, ya 60/40 yenye fluksi ndani. Risasi mpya huiyeyusha ya zamani haraka. Kisha tumia pampu ya kunyonya, umalizie na utepe wa shaba. Mguu ukigoma, ongeza risasi tena uanze upya. Usiuvute. Zile pasi zisizo na kidhibiti zinazochomekwa moja kwa moja ukutani zinafaa kulehemu waya za spika. Kwenye bodi hii zinang'oa shaba. Tundu zikishakuwa safi, usilehemu chipu moja kwa moja. Weka soketi za mstari mmoja zenye mashimo ya duara, chipu ichomekwe. Gharama yake ni ndogo na safari ijayo hakuna haja ya pasi kabisa.

Ukishafungua, na kabla hujagusa trima (skrubu ndogo ya kurekebishia) hata moja, pima umeme. Bodi ya umeme inatoa volti 15 chanya, 15 hasi na 5 chanya. Tofauti inayozidi nusu volti kwenye zile za 15 ni ya kushughulikiwa kwanza. Kisha hamishia testa kwenye AC upime pointi zilezile: milivolti chache ni sawa, makumi ya milivolti maana yake kapasita za kuchujia zimechoka, na kama bado hazitoi mvumo leo, zitatoa kesho. Badilisha za bodi ya umeme tu, zenye uwezo uleule, volti ileile au zaidi, na za nyuzi 105. Fundi anayetaka kubadilisha kila kapasita ya kinanda anaongeza mamia ya viungo vipya vya risasi mahali palipokuwa pazima. Tuko kinyume naye.

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kazi ya umeme, unganisha taa ya uzi ya wati 60 mfululizo na waya wa laivu. Ikimulika kwa kasi kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima. Taa za LED hazifai kwa kipimo hiki.

Sasa tunafika kwenye kusawazisha, na hapa tunaomba uvumilivu kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Osileta za Juno-106, yaani sehemu zinazozalisha noti, zinaendeshwa na hesabu za kidijitali kutoka kwenye saa moja ya kielektroniki iliyo ndani, kwa hiyo njia sita hazipishani toni. Mtu akikwambia "njia ya nne imechepuka," karibu kila mara anachosikia ni kichujio. Rezonansi, yaani kiasi ambacho kichujio hujirudishia sauti yake, ikiwa juu kichujio kinaimba chenyewe, na kikiimba noti yake badala ya noti ya kibao, sikio linalaumu osileta. Zote sita zikiwa juu au chini kwa pamoja, geuza nobu ya TUNE nyuma ya kinanda. Hakuna cha kufungua.

Vifaa: osiloskopu (kifaa kinachoonyesha wimbi kwenye kioo) ya njia mbili, hata ya zamani, testa ya kidijitali inayoaminika, bisibisi ya plastiki au kauri kwa trima, kwa sababu ya chuma hubadilisha kipimo unapoishika na huweza kugusisha miguu, simu yenye programu ya kupimia toni inayoonyesha hezi, na mwongozo wa ukarabati wa Roland, toleo la Juno-106. Namba za trima, pointi za kupimia na viwango vimo humo, na ukurasa huo uchapishwe uwe mezani. Namba alizozikariri mtu kutoka Juno-60 zitakupoteza.

Kinanda kiwake nusu saa kifuniko kikiwa kimefungwa. Zima feni inayokipulizia moja kwa moja. Volti za kichujio hufuata joto. Chumba kiwe na joto linalofanana na la mahali kinapopigwa. Ukikisawazisha chini ya kiyoyozi cha nyuzi 18 kisha ukakipeleka kwenye ukumbi wa wazi Mwananyamala, kitahama kidogo, na kidogo hicho kikizidishwa na rezonansi kinasikika.

Ingia kwenye hali ya majaribio. Mashine yenyewe ina programu za kupimia, na kila bonyezo la kibao linakwambia uko njia ipi. Fuata mpangilio wa mwongozo bila kuruka, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia. Tueleze kila moja inafanya nini, maana fundi anayejua sababu hakosei njia.

Unaanza na urefu wa wimbi la msumeno. Osileta hujaza kapasita na kuimwaga kwa kila mzunguko. Noti ikiwa juu muda wa kujaza ni mfupi, kwa hiyo mkondo wa kujaza lazima uongezeke sambamba. Usipokaa sawa, noti za juu zinakuwa dhaifu, au za chini zinagonga dari na kuwa bapa kichwani. Kwenye osiloskopu angalia noti ya chini na ya juu: urefu uwe uleule.

Kisha unaondoa mshindo wa VCA. Kila njia inapofunguka na kufungwa, volti ya kudhibiti inaweza kupenya hadi kwenye sauti, ukasikia "tup" mwanzoni mwa kila noti hata osileta zikiwa zimezimwa. Bonyeza kibao kwa kurudiarudia huku ukigeuza trima ya njia hiyo taratibu mpaka mshindo uwe mdogo kabisa. Hauishi wote. Tafuta bonde, ukilipita pande zote mbili unaongezeka. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya kinanda kisikike cha bei rahisi kwenye rekodi.

Rezonansi inafuata. Kila kichujio kinaongezwa mpaka kinaimba chenyewe, na trima inawekwa ili wimbi la zote sita liwe na kimo kimoja. Njia yenye kimo kifupi haitaimba ukivuta slaida ya rezonansi hadi robo tatu wakati wenzake wanaimba. Yenye kimo kirefu itapiga kelele.

Sasa masafa na upana, na hapa ndipo muda unapokwenda. Kichujio kikiwa kinaimba, kinatoa wimbi safi kiasi kwamba programu ya simu inalisoma bila shida. Trima moja inaweka kichujio kiimbe kwa hezi zinazotakiwa kwenye kibao cha chini. Nyingine inaamua ukipanda oktavu mbili kichujio nacho kipande kiasi gani. Oktavu mbili ni mara nne: cha chini kikisoma 250, cha juu kinatakiwa kisome 1000. Kikisoma 940, kimebaki nyuma zaidi ya nusu toni, na sauti yoyote yenye rezonansi itakuwa chafu upande wa kulia wa kinanda. Ongeza upana kidogo. Lakini trima hizi mbili zinavutana: ukigusa upana, masafa ya chini yanahama. Rudi chini, rekebisha, panda tena, rudi. Mara tatu au nne kwa kila njia ni kawaida. Usiiache njia kwa sababu "imekaribia". Mikaribio sita tofauti ndiyo ile vurugu ya unisoni tuliyoitaja. Njia isiyokubali hata trima ikifika mwisho wake ina chipu mbovu au gundi iliyobaki, na hakuna bisibisi itakayoitibu.

Mwisho ni kimo cha sauti ya kila njia. Zote sita zilingane kwenye osiloskopu. Tofauti ya asilimia kumi ni chini kidogo ya desibeli moja, na karibu hakuna atakayeisikia. Zaidi ya hapo noti zitaruka na kuzama kwenye kipande cha polepole. Funga kifuniko, acha dakika kumi na tano, pima masafa tena. Kwa kawaida njia moja au mbili zitakuwa zimesogea, na mguso mmoja unatosha.

Yaliyobaki ni mepesi. Slaida zinazokwaruza zinahitaji spreyi ya kusafisha kontakti isiyoyeyusha grisi, tone moja, kisha ziendeshwe juu na chini mara nyingi. Zile spreyi za kulegeza nati zilizokwama zinaacha mafuta yanayokusanya vumbi, na baada ya muda slaida inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Vibao visivyolia hutokana na mpira wa kontakti: futa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, bila kukwangua ule weusi. Vitufe vinavyotaka kubonyezwa mara mbili vimechoka, badilisha. Korasi ina mvumo mwembamba wa asili ambao hakuna fundi atakayeuondoa, kwa hiyo usimlipe mtu kwa ahadi hiyo. Ila ikiwa upande mmoja wa stirio uko kimya korasi ikiwashwa, hilo ni tatizo la kweli, na linaanzia kwenye moja ya chipu mbili za MN3009 au saketi iliyo jirani nayo.

Betri ya kumbukumbu ni CR2032 yenye miguu ya kulehemu. Kabla ya kuing'oa, hifadhi sauti zote kwa tundu la kaseti nyuma ya kinanda, ukirekodi kwenye kompyuta kwa faili la WAV. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp au MP3 haufai. Mbano wake unaharibu data. Tumia VERIFY kuhakikisha kabla hujazima, na swichi ya kulinda kumbukumbu iliyo nyuma iwe imefunguliwa wakati wa kurudisha. Badala ya kulehemu betri mpya, weka kishikio. Usilehemu kamwe moja kwa moja kwenye betri isiyo na miguu, inaweza kupasuka.

Kuhusu huduma. Mafundi redio wazuri wapo mjini, wenye mikono ya uhakika kwenye amplifaya na mikisa, na kazi ya kung'oa chipu, kuvua gundi, kubadilisha kapasita na slaida unaweza kuwapa bila wasiwasi. Kusawazisha ni suala jingine, kwa sababu wengi wana testa bila osiloskopu. Ukimpelekea fundi, muulize mambo mawili kabla hujaacha kinanda: atatumia nini kupima wimbi, na je, ana mwongozo wa Juno-106 au umpelekee. Kubalianeni bei mbili, moja ya ukarabati na nyingine ya kusawazisha, ya pili ilipwe baada ya kusikiliza unisoni pamoja. Akuandikie hezi alizopima kwa kila njia, chini na juu, namba kumi na mbili tu. Fundi aliyefanya kazi atakuwa nazo tayari, na wewe ukiwa nazo, mwakani utajua njia ipi imeanza kuhama kabla haijafa.

Mahali pa kukiweka nako kunahesabika. Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na kokote upepo wa bahari unakofika, chumvi hula soketi za nyuma na miguu ya chipu. Kifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Ndani ya begi la kusafiria weka vifuko vya silika na uvibadilishe au uvikaushe masika yanapoanza. Kisikae miezi bila kuwashwa, maana joto lake lenyewe hukausha bodi: saa moja kila wiki inatosha. Na chipu za zamani zilizogoma kupona zifunge kwenye karatasi ya alumini uziweke ndani ya begi hilohilo. Vipande vyake vya ndani bado vinaweza kumponya mwenzake aliyepoteza kimoja kwenye asetoni.